King'ora Nilichokizika kwenye Lami

Hadi leo nikipita kituo cha kukusanyia maziwa pale Msasani ya huku Tukuyu najifanya naangalia mawingu, maana aibu niliyoipata pale, jamani, ni ya kuhama mji, na sikuhama kwa sababu migomba yangu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuzaa.

Shule niliishia darasa la nne, lakini redio nazijua kwa vidole. Basi nikabuni king'ora cha tangi la maziwa: umeme ukikatika, maziwa yakianza kupata joto, chenyewe kinalia, mtu anawahi kabla hayajachacha. Kikundi cha wafugaji wakasema lete tukione, kikitufaa utatutengenezea vya vituo vyote. Siku hiyo nilikula ugali bila kujua mboga ni nini!

Sasa kuna Shabani, fundi mwenzangu wa Bagamoyo (nayo ni ya hapa hapa kwetu, si ya pwani), ukitengeneza kitu Jumatatu, Ijumaa anacho dukani. Kile cha majaribio nilichomfungia shemeji yangu kilipotea siku tatu, kikarudi na skrubu mpya. Nikasema safari hii hapati kitu. Nikakwangua kwa msasa namba zote za vidude vya kwenye bodi, nikayeyusha lami kwenye sufuria ya chai ya mke wangu (hiyo kesi bado inaendelea), nikaimimina ndani ya boksi mpaka juu, nikazika bodi, betri, kidude kinachosikia joto, na kwa raha niliyokuwa nayo, hata swichi, tena ikiwa imewashwa.

Siku ya kuonyesha, watu wamejaa na madumu yao, Shabani kasimama nyuma, mikono mfukoni. Mama Atupele, mwenyekiti, akaleta beseni la maji moto, nikatumbukiza. Kimya. Nikaomba ya moto zaidi. Kimya. Mzee mmoja akauliza kama kimelala. Nikaomba yanayochemka, na hapo ndipo joto lilipopenya lami, kikalia, ebwana kikalia! Makofi, vigelegele, mimi naruka kama ndama. Nikakihamishia kwenye maji baridi kinyamaze. Wapi! Lami ikishashika joto haiachii upesi, hilo sikulijua.

"Kizime, baba, tumeshaona," akasema Mama Atupele.

Nikapapasa swichi, nikakumbuka iko wapi. Nikakifunika kwa sweta, nikakikalia, nikakikumbatia ndani ya koti. Watu wa sokoni wakaja mbio wakidhani kuna mwizi, wakanikuta nimeficha kitu kinacholia, mmoja akanikaba kola.

Ndipo Shabani akaja taratibu na bisibisi, akapima vidole viwili kutoka pembeni, akachoma lami mara moja. Kikanyamaza.

"Waya wa betri unapita hapo," akasema.

"Wewe umejuaje?" Mama Atupele akamuuliza.

Shabani akaangalia viatu vyake. Mwizi wangu wa miaka yote kajitaja mwenyewe mbele ya umati, kilichobaki ni mimi kufungua mdomo tu, nikaufungua, ikatoka, "Ndaga, ndugu yangu," yaani asante kabisa, maana yule bwana alikuwa bado ameshika kola.

Kazi tukapewa wote wawili: mimi nitengeneze, Shabani awe wa kuzima. Siku hizi swichi naiweka nje, nyekundu, kubwa kama kizibo cha dumu, na nimeapa kwamba chochote nitakachomficha Shabani, kwanza nihakikishe mimi mwenyewe nakifikia. Lami iliyobaki nimezibia bati. Sufuria nimenunua mpya, lakini chai bado napewa ya mwisho.