Mstari wa Tatu

Nilidanganya kwa sababu ya aibu, si kwa sababu ya uvivu. Nalisema hili kwanza kwa maana baadaye kila mtu aliniuliza kama nilikuwa nimechoka.

Mama yangu ni afisa wa nyanda za malisho. Wenzangu shuleni wakisikia hivyo hudhani anafanya kazi mbali huko, kwenye twiga. Lakini eneo lake moja liko mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwetu Uthiru. Ni uwanja mkubwa wa umma ambapo mtu yeyote mwenye kibali analisha ng'ombe wake. Kazi ya Mama ni kusema nyasi zilizopo zinatosha ng'ombe wangapi, na mpaka lini. Akikosea, ng'ombe wanakula mpaka mizizi, na mvua ikija inakuta udongo tu.

Likizo ya Agosti iliyopita mambo yalikuwa mabaya. Mvua ndefu zilikuwa zimekatika mapema. Kuna mzee kutoka kusini aliyekuwa na kundi kubwa barabarani, akiomba aruhusiwe kuingia uwanjani. Wafugaji wadogo wa Waithaka, wenye ng'ombe wawili watatu, walisema uwanja umeisha, nusu yake ifungwe ipumzike. Mama alitakiwa kupeleka vipimo mjini Ijumaa, na vipimo ndivyo vingeamua.

Vipimo vyenyewe ni kutembea. Unachagua alama mbali, mti au nguzo, unaielekea moja kwa moja. Mama alinipaka kidoa cha rangi ya kucha, nyekundu, kwenye ncha ya buti langu la mpira. Kila hatua ya pili unasimama, unaangalia kidoa kimegusa nini, unaandika. N ni nyasi, U ni udongo, S ni samadi. Basi. Sheria ni moja tu, na Mama huirudia kama sala ya chakula: mstari haukwepi kitu. Ukikutana na ng'ombe unasimama, unangoja aondoke, unaendelea.

Jumatano hiyo Mama alitembea mstari wa kwanza na wa pili mwenyewe. Halafu goti lake likavimba. Aliketi kwenye kichuguu, akakunja sketi, akalitazama kama mtu anayemtazama mtoto mtundu.

"Nenda wewe," akaniambia. "Lenga ile nguzo ya stima. Polepole."

Uwanja unateremka hapo. Baada ya hatua kama mia hakuwa ananiona tena. Nami nikawaona wao: vijana wanne wanaochunga ng'ombe wa watu, wamekaa ukingoni mwa hori la kunyweshea, miguu wameinyoosha. Nguzo ya stima ilikuwa nyuma yao kabisa. Mstari wangu ulipita katikati yao.

"Niaje, daktari wa nyasi!" mmoja akaita.

Nikaandika U. Nikaendelea.

"Cheki vile anatembea. Ni kama ameangusha shilingi."

"Wee, kuja utupime na sisi! Huyu hapa ni nyasi, yule ni takataka."

Walicheka. Hawakuwa wabaya, najua sasa. Lakini mimi ni mtu ambaye darasani husema "niko" wakati wa kuitwa majina na hiyo ikawa ndiyo sauti yangu ya siku nzima. Zilibaki hatua thelathini hivi. Masikio yaliniwaka moto. Nikafanya kama nimeona kitu kushoto, nikageuka, nikaenda mpaka kwenye ua wa seng'enge.

Kando ya ua nyasi zilinifika kwenye muundi. Seng'enge ilikuwa imelala chini na ng'ombe hawapendi kukatwa viwele. Nikatembea pale, hatua ya pili, hatua ya pili. N, N, N. Kidoa kiligusa nyasi kweli, sikuandika kitu ambacho sikukiona. Hivyo ndivyo nilivyojiambia njia yote ya kurudi.

Mama alipitisha kidole kwenye karatasi. "Huu mstari wa tatu umenishangaza. Hori liko pale chini. Nilitarajia udongo." Akaniangalia. "Ulinyoosha?"

"Ndiyo."

Ilikuwa rahisi hivyo. Akaniamini, akaniegemea begani tukaenda nyumbani.

Jioni niliandika ukweli wote kwenye daftari langu, nikidhani kuandika ni sawa na kusema.

Ijumaa Mama alinichukua twende mjini nimbebee ramani, kwa sababu ya goti. Lifti ya jengo lile ilikuwa imekufa. Tulipanda ghorofa tano, tukipumzika kila kona, na kila tulipopumzika nilisema moyoni, mwambie hapa. Tukafika juu.

Chumbani kulikuwa na mkubwa wake Mama, yule mzee wa kusini akiwa amekunja koti magotini, na mama mmoja kutoka Waithaka aliyewakilisha wafugaji wadogo. Nilikaa nyuma ya kiti cha Mama, ramani mapajani.

Mama alisoma. Akamaliza kwa kusema kuwa kulingana na mistari mitatu, kundi la mzee linaweza kuingia na likakaa mpaka mvua fupi.

"Nyasi gani?" akauliza yule mama wa Waithaka. "Hiyo iko kwa karatasi? Ng'ombe yangu haikuli karatasi. Kujeni hapo kwa hori muone. Ni vumbi tupu. Ng'ombe ikiinama kunywa maji inapiga chafya!"

Mzee akatabasamu kidogo. Mkubwa hakutabasamu, akamgeukia yule mama.

"Mama, hapa tunaenda na vipimo. Kama hutaki wenzako waingie, sema tu hutaki wenzako."

"Mimi?" Sauti yake ilipasuka. "Mimi ndio nakuwa mchoyo, na mwongo juu? Haya." Akamgeukia Mama. "Afisa, wewe unanijua. Ulipita kwa hori kweli?"

"Mstari ulipita," Mama akasema.

Alisema bila hata kuangalia karatasi. Alisema kwa neno langu moja la "ndiyo."

Mkubwa akasukuma fomu mbele yake aweke sahihi. Mikono yangu ilikuwa imelowesha ramani. Nilitafuta sauti, sikuipata, nikatafuta penseli. Pembeni mwa ramani nikaandika: *Sikupita kwa hori. Niliogopa wale vijana. Nilifuata ua.* Nikaipenyeza chini ya kiwiko chake.

Mama akasoma. Akaukunja ule ukingo wa ramani, akaulaza chini ya kiganja. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake. Nilihesabu pumzi zake, na kwa muda fulani, Mungu anisamehe, niliomba atie sahihi tu tuende nyumbani.

"Naomba mstari wa tatu uondolewe," akasema.

"Kwa sababu gani?"

"Haukutembewa."

"Na nani?"

"Kazi ni yangu. Jina lililo hapo ni langu."

Yule mama wa Waithaka hakuwa akimwangalia Mama. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Ni mimi," nikasema. Hakuna aliyesikia.

"Sema na nguvu, msichana," yule mama akasema, bila ukali.

"Ni mimi nilitembea. Sikufika kwa hori."

Mkubwa akavua miwani. "Na huyu ni nani?"

"Binti yangu," Mama akasema. "Goti lilinizidi, nikamtuma."

Mkubwa akasema kesho saa tatu tutakutana uwanjani, sote. Akaninyooshea miwani. "Utatembea wewe. Nataka nione ni nini ilikushinda." Kuhusu Mama akasema tu kwamba barua itamfikia.

Mama alishuka ngazi zote akishika ukuta, akasimama barabarani, katikati ya wachuuzi wa soksi.

"Ungeniambia pale kwenye kichuguu."

"Ulikuwa umefurahi."

"Sikufurahi. Nilishangaa." Akahamisha uzito wake kwenye mguu mzima. "Nilipaswa kuendelea kushangaa."

Jumamosi vijana walikuwa pale pale. Walipoona watu wazima nyuma yangu walipunguza kelele, ila mmoja, yule wa shilingi, hakujizuia. "Daktari ameleta mashahidi!"

Mama alikuwa amepaka kidoa upya asubuhi hiyo. Nikalenga nguzo. Safari hii sikuandika, nilitakiwa kutaja kwa sauti, mkubwa ndiye aandike. Hatua thelathini, ishirini, kumi. Nikasimama. Hatua yangu iliyofuata ilikuwa kwenye magoti ya yule kijana.

Ukikutana na ng'ombe, unangoja. Nikangoja. Naye akangoja. Nyuma yangu nilisikia goti la Mama likilia.

"Naomba utoe miguu," nikasema.

"Ati?"

"Miguu. Mstari unapita hapo."

Akaniangalia, akawaangalia wenzake, kisha akaikunja kifuani kama mtoto anayefagiliwa chini yake. Nikaweka buti.

"Udongo," nikasema. Hatua mbili. "Udongo." Hatua mbili. "Samadi. Udongo. Udongo."

Vumbi lilipanda. Yule mama wa Waithaka akapiga chafya, akajifuta kwa leso na kumwangalia mkubwa. Mkubwa aliendelea kuandika. Nilifika kwenye nguzo bila kusema N hata moja tangu horini.

Mkubwa alimpa Mama karatasi, Mama akajumlisha palepale, akiwa amesimama. Sehemu yote ya chini ifungwe mpaka mvua. Hakuna kundi jipya.

Mzee wa kusini alikuwa ametembea nyuma yetu muda wote. Alikuja, akampita mkubwa, akampita Mama, akasimama mbele yangu. Nadhani ni kwa sababu mimi ndiye niliyetembea.

"Mwanangu. Haitatosha hata siku kumi?"

Nilimtazama Mama anijibie. Mama alitazama nguzo.

"Haitatosha, mzee," nikasema. Alisikia mara ya kwanza.

Akatikisa kichwa, akatoa simu kwenye koti, akasogea kando, kwenye ua wa seng'enge. Alikuwa amesimama kwenye zile nyasi zangu za uongo, zimemfika muundi. Nilimsikia akimwambia mtu wa upande ule, polepole, mara mbili, asilete ng'ombe.