Usukani wa Mikono Mitatu

Juzi kaja kijana mmoja hapa gereji kwangu Uyole na pikapu ya kizamani ya baba yake. Anataka nitoe stelingi ile ngumu, niweke ya pawa, ile laini. "Dada fundi, mzee mwenyewe hajui. Nataka nimshtukize." We! Nilimfokea mpaka wauza viazi wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Nikamwambia arudi na mzee wake. Kaondoka anasema fundi ana kichaa. Sina kichaa, nilimkumbuka bibi yangu tu. Ngoja nikwambie.

Mimi nimelelewa na bibi, Igowole kule Mufindi, kwenye baridi ile ya asubuhi unaongea mdomo unatoa moshi. Bibi alikuwa na pikapu aliyoachiwa na babu, gari yenye umri mkubwa kuliko mama yangu. Siku ya mnada alikuwa anabeba viazi vya mtaa mzima. Tunaamka, tunachimbua viazi tulivyofukia kwenye majivu ya moto, tunakula na chai ya rangi, vidole vyeusi. Kazi yangu ilikuwa kujaza rejeta maji ya uvuguvugu, maana usiku tulikuwa tunayamwaga yasigande. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli na magunia namuona bibi na kitenge chake kinachonuka moshi wa jikoni.

Sasa usukani wa ile gari. Unazungusha karibu nusu mzunguko, matairi hayana habari. Yakishapata habari, mazito kama unavuta ng'ombe asiyetaka josho. Basi tukifika kona za kushoto bibi ananiambia, "Vuta!" Nami nadaka usukani kwa mkono wa kulia, tunavuta wote. Mikono yake miwili, wangu mmoja. Nilikuwa na miaka saba na niliamini kabisa bila mimi ile gari haifiki mnadani. Bibi hakuwahi kuniambia vinginevyo. Mwalimu alipouliza nyumbani kwetu tunafanya kazi gani, nikajibu mimi na bibi ni madereva. Darasa zima likacheka. Aliyecheka zaidi nilimtandika rula, nikachapwa, wala sikujuta.

Ufundi sikusomea popote. Nilianza kwa kuifungua ile pikapu na kuifunga tena, bolti zikibaki naficha. Nilipokua nikahamia huku Uyole.

Mwaka mmoja nimerudi Krismasi, jirani yetu akamuona bibi anahangaika kugeuza gari pale uani. Akapaza sauti, "Mama, hiyo gari au unalima na maksai? Waachie vijana!"

"Haya, magunia yako wiki hii beba mgongoni," bibi akamjibu.

Wakacheka wote wawili, yakaisha. Kwangu hayakuisha. Bibi yangu achekwe, mimi nipo? Bibi alipoenda msibani kwa dada yake siku tatu, nikaleta stelingi ya pawa niliyoichomoa kwenye lori bovu, nikalala chini ya pikapu mpaka ikakaa. Ile ya zamani nikawapa watu wa vyuma chakavu. Nilijiona fundi kweli.

Bibi aliporudi aliushika usukani, ukazunguka kwa kidole. Hakufurahi, hakukasirika.

"Mbona hukuniuliza?"

"Utaizoea, bibi."

Siku ya mnada tukapakia viazi vya watu, tukaondoka. Nimekaa pembeni yake namwambia taratibu, kidole tu, na kwenye barabara iliyonyooka akaenda vizuri. Tukafika kona ya kushoto, ile ya kwenye mashamba ya chai. Bibi akajikaza bega kama miaka yote.

"Vuta!"

Nikavuta. Mimi niliyeifunga ile stelingi, ninayejua kila bolti yake, mkono ulienda wenyewe. Usukani ukazunguka wote, pikapu ikaruka mtaro, ikaingia kwenye chai. Hatukuumia, ila magunia yalipasuka, viazi vikamwagika mpaka barabarani.

Watu wakaja, na jirani naye. "Si nilisema? Mama kazeeka huyu."

Bibi alikuwa ameinama anaokota viazi. "Ndiyo," akasema. "Nimezeeka."

Hakuniangalia. Na mimi, mtu ninayeweza kugombana na kondakta kwa neno moja, nilisimama na kiazi mkononi.

Hakuendesha tena. Viazi vya mtaa vikawa vinabebwa na gari za watu wengine, yeye anabaki kibarazani anamenya njegere, na akisikia injini inapita anaacha kumenya kwanza. Pikapu iliuzwa Rujewa. Sijui inabeba mpunga au imeshakatwakatwa. Bibi alipofariki walisoma historia yake: mkulima, mwimbaji wa kwaya, mama wa watoto sita. Dereva hawakusema. Ningeweza kusimama pale niseme alikuwa dereva, na siku ile ya mtaroni nilivuta mimi. Nilikaa tu.

Mpaka leo nikipanda gari ya mtu, nikakaa mbele, tukakaribia kona ya kushoto, mkono wangu wa kulia unanyanyuka wenyewe. Naushusha, naukalia.