Kamongo wa Mama Mkwe Amefufuka

Yule samaki kamongo amenitolea kichwa leo kwa bwawa niliyokausha mwenyewe!

Mama mkwe ndiye alimleta kwa ndoo, zawadi, akammwaga kati ya samaki wangu wa ngege bila kuniuliza.

Kamongo akakula vifaranga wa ngege wote.

Nikatoa maji. Matope ikakauka mpaka ikapasuka. Nikajua amekufa.

Kumbe jamaa alijizika humo chini akalala!

Jana nikarudisha maji. Leo huyo, anapumua akiniangalia.

Mama mkwe akacheka: "Mwanangu, hiyo ni baraka. Wacha akae."

"Mama, nakuheshimu sana. Lakini hii baraka inaingia sufuria."

Saa hii anachemka.

Mwenye anaona sina adabu aseme hapa chini, na aseme bwawa lake liko wapi.

Ile ndoo bado niko nayo.