Alama ya Juu Kabisa

Miaka ishirini na miwili Kamusi alikuwa akitembeza wageni katika mji ule mkongwe wa kando ya mto. Jina hilo walimpa kwa sababu alijua mwaka wa kila jengo na fundi wa kila mlango. Sasa makumbusho yalitaka mtembezaji mmoja tu wa kuajiriwa, na aliyekuwa akigombea naye nafasi hiyo ni mdogo wake wa kike, tumbo moja, aliyeanza kazi juzijuzi tu.

Roho ilimuuma. Yeye akitaja tarehe, wageni huchungulia simu zao. Mdogo mtu akifungua kinywa, hata waliochoka husahau kuketi. Ana nini huyu zaidi ya meno meupe? Siku ya usaili, baada ya zamu yake kwisha bila mtu kutabasamu, aliufuata msafara wa mdogo wake kwa nyuma, masikio wazi, akimwomba Mungu mdogo mtu ateleze.

Akateleza kweli. Kwenye ukuta wa forodha ya zamani, penye alama za vimo vya mafuriko ya miaka iliyopita, alionyesha ile ya juu kabisa na kusimulia habari za mpiga kasia aliyefunga mtumbwi wake kwenye dirisha la ghorofani, akaingia kumposa binti wa karani. Wageni wakacheka, wakapiga makofi. Kamusi akajipenyeza hadi kwa afisa aliyekuwa akiwasaili, akiwa na furaha mbaya.

“Bwana afisa, huo ni uongo mtupu. Hakuna hati inayosema hivyo.”

Afisa wa makumbusho akamwuliza mwanamke yule alikoipata habari hiyo. Hakubabaika.

“Kaka ndiye aliyenisimulia, nikiwa na miaka sita. Alinibeba mabegani nikaigusa alama.”

Kamusi akakumbuka. Mtoto alikuwa akilia, akaitunga papo hapo ili anyamaze. Ikabidi akiri.

“Sasa mbona asubuhi hukutusimulia?” afisa akamwuliza.

Kazi akapewa mdogo mtu, kwa sharti aseme wazi kwamba ile ni hadithi tu. Tangu hapo huwaambia wageni wote kuwa aliyeitunga ni kaka yake, na makofi husikika hadi ng'ambo ya mto. Kamusi akipita na kundi lake la watu watatu huyasikia. Anajua vizuri anayepigiwa ni yeye mwenyewe, na wivu unamchoma vilevile.