Muthokoi wa Mama Mkwe Asubuhi ya Nusukaputi

Aibu nyingine mtu huzikwa nayo, lakini yangu ilishuhudiwa na wodi nzima ya wanaume, kwa hivyo heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata huko Matiliku ikiwa imetiwa chumvi (na wala haihitaji chumvi, mtaona).

Nilikuwa na mawe kwenye nyongo. Miezi saba nilijikunja nyuma ya kaunta ya duka langu la simenti na misumari, na tarehe ya upasuaji ilikuwa imesogezwa mara mbili, kwa hivyo ilipokaribia ya tatu nikaapa kwamba hii hainipiti, hata kama hospitali itaporomoka nitapasuliwa hapo hapo juu ya vifusi. Jioni niliyolazwa, daktari wa usingizi, mama kijana mwenye sauti ya chini, akaniambia ikifika saa nne usiku nisitie chochote mdomoni, kwa sababu watanilaza kwa gesi.

"Hiyo ni kitu kidogo, daktari," nikamjibu.

Sasa asubuhi, nikiwa nimeshavaa lile gauni la thieta, la kupasuliwa, linalofungwa kwa kamba mbili tu huko nyuma, mke wangu Ndinda ametoka kununua sabuni, nani anaingia? Mama mkwe, kutoka Kasikeu, pamoja na wanawake watatu wa kanisa lake na hotpoti ya chakula. Mnajua nthoni yetu Wakamba, ile heshima na haya kati ya mtu na mama mkwe wake: humtazami machoni, humbishii, na chakula chake hukikatai, labda uwe umeshakufa.

"Mwana wakwa, mwanangu," akasema akiangalia ukuta, "nimeamka saa tisa nikupikie muthokoi. Mtu haendi safari na tumbo tupu."

Ningesema tu kwamba daktari amekataza, yangeisha. Badala yake nikawaza, vijiko vitatu ni nini? Nikala vitatu, akanisogezea bakuli, nikala tena (ule muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe yake, jamani, hata wewe ungeanguka), mpaka kijiko kikagonga chini.

Daktari akaja na faili. "Mzee, umekula ama kunywa kitu tangu jana usiku?"

Nikaiona tarehe yangu inaondoka. "Hata maji sijaonja," nikasema, mimi shemasi wa kanisa. Akaandika.

Hapo mama mkwe akasema tuombe kwanza. Wodi nzima ikainamisha vichwa, daktari naye, na mama akaanza kwa sauti ya kusikika hadi langoni: "Baba, tunakushukuru kwa huyu mtoto wetu! Asante kwa hamu ya kula umempatia leo asubuhi, kwa maana amekula muthokoi yote, hata mbegu moja hajabakisha! Hiyo nguvu, Baba, imbebe huko thieta!"

"Ameni!" wakaitika wagonjwa. Daktari hakuitika. Nilipofungua jicho moja nikakuta ananitazama.

"Mzee?"

Kumwita mama mkwe mwongo siwezi, na tarehe yangu siachi, kwa hivyo nikaruka kutoka kitandani nimwonyeshe daktari jinsi tumbo langu lilivyo bapa, na zile kamba mbili zikaachia, na waliokuwa nyuma yangu ni mama mkwe na wanawake wake watatu. Sikugeuka. Nilisikia tu mtu akisema "Uui, Yesu!" na leso zikifunika nyuso.

Daktari alifunga pazia, akanikalisha. Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

"Ukivuta ile gesi," akasema, "si macho pekee inalala. Hata koo inalala. Chakula ikipanda, inaingia kwa mapafu, na wewe huwezi kukohoa. Ungetufia mkononi, na mimi ningekuwa nimeandika hujakula."

Niliogopa hata nikasahau nilivyokuwa uchi. Lakini sikuondoka hapo mpaka nikapewa tarehe nyingine, wiki tano mbele, na wiki hizo tano mawe yalinikumbusha kila usiku nani mjinga.

Siku ilipofika nilimtuma Ndinda amweleze mama yake asilete hata chai, na mama mkwe akaja mikono mitupu, akaketi kando na macho ukutani. Daktari yule yule akauliza maswali yake. Nimekula? Hapana, tangu jana saa moja jioni. Kuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kupata shida na nusukaputi? Hakuna. Kuna jino la bandia? Inaweza kutoka tukiweka mpira kwa koo, akasema.

Nilipopeleka mahari nyumbani kwa mama huyu nilikuwa na meno yote, na hili la mbele hakuna aliyelijua ila Ndinda. Hata hivyo nikaling'oa, nikamwekea daktari kiganjani, mbele ya mama mkwe.

Nilipozinduka nilikuwa natetemeka kwa baridi, koo linawasha, kichefuchefu kimenishika, nikageuza kichwa nikatapika. Daktari akaangalia beseni.

"Ni maji tu," akasema, akanifunika blanketi.

Nimekata shauri, na sirudi nyuma: mtu atakayenishikia pumzi nikiwa sijijui, sitamficha hata kijiko kimoja, awepo mama mkwe asiwepo.