Nyanya za Vitako Vyeusi

Majani ya mnyanya yakisuguliwa hutoa harufu kali inayong'ang'ania vidole hata baada ya kunawa kwa sabuni. Wengine huipenda. Mimi ikinifikia tu, naliona sikio la kushoto la dada yangu Zuhura, na damu ikichuruzika hadi kwenye kola ya sare yake ya shule. Mwezi uliopita ilinifikia tena, nikiwa nyumbani kwake karibu na Chimwaga, na ndiyo sababu nawasimulia haya. Niwieni radhi mapema, maana anayewasimulia si mtu mwema sana.

Tulikulia Majengo, watu watatu: mama, Zuhura na mimi. Mama alikuwa Mrangi wa Kondoa, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi. Ardhi ya uani kwetu haikuingia jembe, kwa hiyo alipanda minyanya kumi na miwili kwenye ndoo kuukuu za rangi, akazipanga ukutani. Aliipenda kuliko sisi, nasema bila kuficha. Minyanya aliisemesha kwa upole kila alfajiri, gizani, kabla ya kwenda sokoni; sisi alitufokea.

Kazi ya kumwagilia ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Kopo moja kila ndoo asubuhi, kopo moja jioni, basi. Lakini jioni ndipo watoto wa mtaa walipocheza rede, na kwa kukwepa mpira hakuna aliyenifikia. Nikawa naruka siku tatu, udongo unapasuka na majani yananyauka. Siku ya nne naingiwa na woga, namwaga maji mpaka ndoo zinafurika. Mama akirudi sokoni anakuta udongo umelowa, ananisifu. Nilijiona mjanja kweli.

Nyanya zilipoanza kunenepa, zikatokwa na doa jeusi kitakoni. Ukizitazama kwa juu zilipendeza, ukizigeuza, zimeoza. Mama alizigeuza moja moja. Kisha akaniuliza kama Zuhura alipita hapo akiwa mwezini.

Mliolelewa kama sisi mnaijua desturi hiyo. Msichana akiwa katika siku zake hakatizi kwenye mboga, akikatiza zinaharibika. Zuhura alikuwa na miaka kumi na mitano. Mimi nilikuwa na siri ya maji ya kuficha, nikajibu upesi kwamba ndiyo, alipita akienda kuanika vitambaa vyake. Na ni kweli alipita.

Zuhura aliingia kutoka shule, shikamoo ikiwa bado mdomoni, mama akampokea kwa mpini wa jembe. Alimpiga mgongoni, akampiga miguuni. Mpini ulipovunjika akaanza kumtupia usoni zile nyanya zilizooza, moja baada ya nyingine. Mwisho akamzaba kofi, likatua sikioni. Zuhura akaangukia ndoo, mashina mawili yakakatika, na kwa hayo pia akapigwa. Harufu ya majani yaliyopondwa ikajaa uani. Yeye alirudia neno moja tu, kwamba alizungukia upande wa pili wa ua, hakuzigusa. Mimi nilisimama na kopo langu mkononi, nikamwacha apigwe.

Kwa woga, tangu siku ile nilimwagilia bila kukosa, kopo asubuhi, kopo jioni. Nyanya zilizofuata zikatoka safi. Mnaona sasa? Mama akashika kiuno, akasema kwa kuridhika kwamba dawa imeingia. Kuanzia hapo kila mwezi Zuhura alifungiwa ndani siku zake zote. Sikio halikupona.

Nilikuwa mtu mzima, nauza miche, pale mtaalamu mmoja wa kilimo alipotueleza kwenye semina kwamba doa lile ni tunda kukosa madini ya chokaa. Mara nyingi chokaa imo kwenye udongo, alisema, lakini maji ndiyo yanayoibeba. Ndoo ikikauka siku tatu kisha ikafurika, chokaa haifiki kwenye tunda. Pondeni maganda ya mayai mkipenda, lakini kwanza mwagilieni kwa kipimo, kila siku. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje. Mama tulikuwa tumeshamzika, na Zuhura sikumwambia. Miaka sita mingine nilinyamaza.

Sasa turudi huko Chimwaga. Nilipofika uani nilikuta ndoo tano za minyanya, na chini yake nyanya za vitako vyeusi zimetupwa. Zuhura alikuwa amemkamata mkono binti yake wa miaka kumi na mitatu, na mkono wake mwingine umeinua mwiko wa ugali.

"Nilikwambia usipite hapa," alisema, na sauti ilikuwa ya mama kabisa.

Nilimrukia. Mwiko ukanipata shavuni, tukayumba wote watatu tukaangukia ndoo, harufu ile ikanipanda kichwani. Nilimng'ang'ania mkono.

"Mwache mtoto, dada. Nyanya za mama niliziozesha mimi. Nilikuwa simwagilii."

Nilikuwa upande wake wa kushoto. Alihema, akageuza kichwa, akaniletea sikio zima.

"Umesemaje?"

Nikayasema tena, kwa sauti, mtoto akisikia.