Kapteni wa Kamba za Nguo

Kuna watu husoma mpaka macho yao yanasahau kazi. Jirani yangu wa Tassia ni mmoja. Alikuwa anasomea urubani, na ukimwita kwa jina anakusahihisha: "Sema kapteni, buda." Kapteni, na baiskeli ilikuwa inamwangusha ikiwa imeegeshwa!

Alikuwa ananihubiria kila siku. Ati mbele ya rubani kuna saa za vipimo nyingi kuliko sufuria za soko la Muthurwa, ukizitazama moja moja utagonga mlima. Kwa hivyo kuna mstari wa taa umetengenezwa, unatoka upande huu mpaka ule. Ndege ikilala upande, mstari unalala. Rubani anaangalia mbele tu, mstari anauona na pembe ya jicho.

"Pembe ya jicho haisomi namba," akasema, "lakini kitu kikisonga, inashika."

"Hiyo hata kuku anajua."

Sasa, kuna Jumamosi nilikuwa naenda Machakos kupeleka mbuzi za ntheo, zile za kumfunga msichana asichukuliwe na mwingine. Nisipofika, mwingine alikuwa tayari, na ng'ombe. Nikafua suti yangu ya pekee, nikaianika juu ya paa la ploti. Kwetu nguo hazianikwi bila mlinzi. Ukipiga chafya, unazikuta sokoni Gikomba zimeshapigwa pasi.

Kapteni alikuwa huko juu, amekalia jerikeni, amevaa shati lake jeupe la shule ya urubani lenye mistari mabegani.

"Enda unyolewe," akaniambia. "Natazama ndege zikitua. Suti nitaichunga na pembe ya jicho. Ni mazoezi."

Narudi, amekazia mawingu macho kama kuku aliyemeza msumari. Kwa kamba vimebaki vibanio.

"Suti iko wapi?"

"Kuna kitu kilisonga."

"Na hukugeuka?"

"Upepo ulikuwa unasongesha kila kitu, buda! Shuka, soksi, suruali za ndani za mama wa juu. Ningegeukia gani?"

Huyo ndiye atapewa ndege nzima ya watu!

Nilimvua lile shati akiwa bado anaeleza. Nikalivaa, nikaenda nalo Machakos.

Baba mkwe akatazama mabega yangu, kisha uso, kisha mabega tena. "Kumbe unaendesha ndege!"

"Hapana, baba. Naosha magari."

"Na ni mnyenyekevu!" Mashangazi wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakalala chini. Zile tatu zangu zikakataliwa papo hapo. Rubani haleti tatu, analeta sita. Mjomba wangu niliyeenda naye alinifinya ninyamaze, mpaka leo nina alama.

Nilimpata mke, lakini mbuzi ya mwisho niliifikisha nikiwa na mvi. Na jirani? Alipita mtihani. Sijui mtahini alikuwa anamtazama na jicho gani.

Hadi leo ndege ikipita Machakos, baba mkwe hunipigia simu. "Ni wewe huyo?"

"Imelala upande?"

"Kidogo."

"Huyo ni jirani yangu, baba. Ingiza mbuzi ndani."